Usukani wa pikipiki unatetemeka? Tuliza chuma kwanza, mota ya umeme baadaye

Jambo moja nataka likukae kichwani kabla hujanunua chochote: mota ya umeme kwenye usukani haiponyi pikipiki yenye ugonjwa, inaifunika shuka tu. Nimeshaona dampa (kifaa cha kutuliza usukani) mpya kabisa imefungwa juu ya beringi za shingo, pale usukani unapozungukia kwenye fremu, zilizokwisha, usukani ukatulia wiki kadhaa, mwenye pikipiki akafurahi, kumbe beringi inaendelea kuliwa chini kwa chini na siku ilipoachia alikuwa spidi na dampa haikuwa na uwezo tena wa kushika kitu. Alianguka, akapona, ila niliiangalia ile beringi baadaye na mashimo yake yalikuwa yanaonekana kwa macho. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na spana na grisi, mambo ya kompyuta na mota yanakuja baadaye, na ukiruka huko mbele utapoteza muda wako.

Jua kwanza unapambana na mtetemo gani

Watu wanasema "usukani unatetemeka" wakimaanisha vitu vitatu ambavyo dawa zake hazifanani hata kidogo.

Wa kwanza ni ule wa injini, ule wa kuwasha viganja mpaka mikono inakufa ganzi na vioo vinaonyesha picha ya ukungu. Injini ya silinda moja ikizunguka mara 6000 kwa dakika inapiga mara 100 kwa sekunde, yaani 100 Hz, huo ni mtetemo wa haraka sana na usukani hauendi popote, unavuma tu. Wa pili ndo huu wa hatari, usukani unapiga kushoto kulia kama umeshikwa na homa, mara 6 mpaka 10 kwa sekunde hivi, mara nyingi unakuja ukiwa unapunguza spidi kati ya 80 na 60 na mikono yako ni milegevu. Wa tatu usukani wenyewe hautikisiki sana ila pikipiki nzima inaogelea kama samaki, mkia unaenda huku kichwa kinaenda kule, taratibu, mara 2 mpaka 4 kwa sekunde, huo huja kwenye spidi kubwa na hasa ukiwa umebeba mzigo nyuma.

Namna ya kuvitenganisha ni rahisi. Tafuta barabara iliyonyooka na isiyo na watu, endesha spidi ileile ambayo mtetemo unatokea, alafu badilisha gia bila kubadilisha spidi. Mtetemo ukibadilika sauti na nguvu basi unafuata injini. Ukibaki vilevile basi unafuata magurudumu, na huko ndo pa kwenda kutafuta. Ukitokea wakati wa kushika breki tu, acha habari zote za shingo, angalia diski ya breki kama imepinda.

Kuna hesabu ndogo ambayo mimi naipenda sana manake inaeleza kwa nini mtikisiko unachagua spidi fulani tu. Tairi la mbele la kawaida mzunguko wake ni kama mita 1.9. Kwenye 60 km/h unatembea mita 16.7 kwa sekunde, gawanya kwa 1.9 unapata tairi linazunguka mara 8.8 kwa sekunde, na hiyo iko katikati kabisa ya ile 6 mpaka 10 ambayo usukani wenyewe unapenda kutikisikia. Yaani tairi likiwa na uzito upande mmoja linausukuma usukani kwa mdundo uleule usukani unaoupenda, ni kama kumsukuma mtoto kwenye bembea, kidogo kidogo ila kwa wakati wake, inapanda yenyewe. Ukifika 90 tairi linazunguka mara 13 kwa sekunde, mdundo umeshapita, ndo maana watu wanasema "ukiongeza spidi inatulia" wakadhani imepona. Haijapona.

Ukitaka namba zako mwenyewe, simu ina akselerometa, yaani sensa ya mtikisiko, na kuna programu ya bure inaitwa phyphox inayoweza kuchora mtetemo na kukuonyesha Hz zake. Simu nyingi zinasoma mara 100 mpaka 200 kwa sekunde kwa hiyo zinaona vizuri mambo ya chini ya 50 Hz, mtikisiko na kuyumba utavipata, ila mtetemo wa injini usiuamini kwenye simu manake unaweza kujitokeza kama namba ya uongo. Na tafadhali tumia simu ya zamani, 2021 Apple wenyewe waliwaonya watu kwamba mtetemo wa injini kubwa za pikipiki unaweza kuharibu kamera za iPhone zenye kituliza picha.

Shingo

Hapa ndo nitakaa sana manake hapa ndo matatizo mengi yalipo.

Weka pikipiki kwenye stendi ya kati au jeki chini ya injini mpaka tairi la mbele lielee, mtu mmoja akae nyuma asiiachie ianguke. Kama una dampa au mota ya usukani ITOE KWANZA, au angalau ifungue upande mmoja isishikane na usukani, kwa sababu ukizito wake, yaani ule ugumu inaouongeza kwenye kuzungusha usukani, unaficha kila kitu unachotafuta. Hili watu wanaliruka na ndo linawadanganya.

Shika miguu ya foku huku chini karibu na ekseli, vuta kuja kwako, sukuma kurudi. Ukisikia "tak" au ukahisi mchezo kwenye vidole vya mkono mwingine ulioweka pale shingo inapokutana na fremu, beringi imelegea. Alafu zungusha usukani kwa kidole kimoja polepole sana toka kona moja mpaka nyingine. Ukifika katikati ukahisi kama kuna kijishimo kinaunasa, basi mipira au rola zimechimba njia zake kwa sababu pikipiki inaishi muda mwingi ikiwa imenyooka na vishindo vyote vya barabara vinapiga sehemu ileile. Hapo hakuna kukaza, hakuna grisi, ni kubadilisha seti nzima, vikombe vya juu na vya chini. Nasisitiza vikombe pia, ukiweka mipira mipya kwenye kikombe kilichochimbika umefanya kazi bure.

Kipimo cha tatu, usukani uweke katikati alafu uguse kidogo uende upande mmoja. Unatakiwa uanguke wenyewe taratibu mpaka mwisho bila kusita, waya na nyaya za breki zisiuzuie. Ukisimama njiani umekaza mno. Na kukaza mno ni ugonjwa kama kulegeza, pikipiki inakuwa inatangatanga barabarani, unairekebisha kila sekunde na hujui kwa nini unachoka, manake usukani haujirudii wenyewe katikati.

Kukaza kwenyewe: legeza nati kubwa ya juu na bolti zinazobana foku kwenye kile kibao cha juu, kaza nati ya chini ya kurekebishia mpaka beringi zikae, zungusha usukani kona hadi kona mara kumi hivi ili zijipange, legeza, alafu kaza tena kidogo tu mpaka mchezo uishe. Sasa kaza nati ya juu kwa kipimo cha kitabu cha pikipiki yako na RUDIA VIPIMO VYOTE VITATU, kwa sababu nati ya juu ikikazwa inasukuma ile ya chini na unaweza kukuta ulichokipanga kimebadilika. Mara nyingi mimi narudia mara mbili au tatu ndo inakaa pale ninapotaka, usione tabu.

Kuna wanaobadilisha mipira kuweka rola za koni, ni nzuri, zinadumu, ila zina msuguano zaidi kidogo. Sio kosa, ila ukumbuke huo msuguano ukija kuweka mota, hesabu yako ya ukizito inaanzia juu zaidi.

Baada ya shingo, tairi. Upepo kama ilivyoandikwa kwenye stika ya pikipiki, sio kama unavyohisi kwa kubonyeza. Angalia kama tairi la mbele limeliwa mawimbi mawimbi, pitisha kiganja juu yake mbele na nyuma, kama linakukwaruza upande mmoja na linateleza upande mwingine limeshaharibika na hakuna balansi itakayoliokoa. Balansi ifanywe kila tairi likitolewa. Spoku zigonge na spana ndogo, zilizolegea zinalia tofauti. Tairi la nyuma na la mbele yawe kwenye mstari mmoja, kamba ndefu mbili kila upande zinatosha kukuonyesha, na usiamini zile alama za mnyororo peke yake. Mwisho shika mkono wa nyuma unaobeba tairi, utikise kushoto kulia, ukicheza hapo ndo kwenye kuogelea kwako kule kwa 2 mpaka 4 Hz.

Mzigo

Boksi la nyuma. Jamani boksi la nyuma. Chukua kilo 20 ziko sentimita 30 nyuma ya ekseli ya nyuma, na umbali kati ya ekseli mbili ni sentimita 130. 20 mara 30 gawanya 130, unapata kilo 4.6 zimenyanyuliwa toka tairi la mbele, manake ekseli ya nyuma imekuwa kama bembea ya ubao. Kilo 4.6 zinaonekana ndogo lakini shida kubwa sio hizo, shida ni kwamba ule uzito uko mbali na uko juu, kila pikipiki ikianza kuyumba ule uzito unataka kuendelea kuyumba. Kilo zilezile 20 ukizigawa kwenye mifuko ya pembeni, chini, mbele ya ekseli ya nyuma, ni pikipiki nyingine kabisa. Kaza springi ya nyuma kulingana na mzigo pia, nyuma ikilala sana pembe ya shingo inabadilika na mbele inazidi kuwa nyepesi.

Na begi lililofungwa kwenye usukani ni baya zaidi kuliko yote, linaongeza uzito kwenye kitu chenyewe kinachotikisika.

Mikono kufa ganzi

Kwa ule mtetemo wa injini, mota ya usukani haikusaidii kabisa, usije ukauziwa hiyo hadithi. Mota inazungusha usukani kushoto kulia, mtetemo wa injini unausukuma usukani juu chini na mbele nyuma, ni njia mbili tofauti. Dawa yake ni raba na uzito.

Raba za kushikia usukani zina tabia moja ambayo lazima uijue: chini ya kiwango fulani zinaongeza mtetemo badala ya kupunguza. Tuseme usukani wako ukiwa juu ya raba unapenda kutetemeka kwa 50 Hz. Injini ya silinda moja ikiwa kwenye mizunguko 3000 inapiga hiyo hiyo 50 Hz, utatetemeka kuliko mwanzo. Ikifika kama 4240 unarudi sawa na bila raba. Ikifika 6000 inapita theluthi moja tu. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni moja, wewe safari zako unakaa mizunguko mingapi muda mwingi? Kama ni 3000 raba laini zaidi ndo zinafaa, kwa sababu zinashusha ule mdundo chini, ila zikiwa laini mno usukani unakuwa kama umefungwa kwenye mkate na hujui tairi linafanya nini. Mimi nachagua raba ngumu kidogo alafu vizito vya chuma kwenye ncha za usukani, vizito vinashusha mdundo wa bomba lenyewe la usukani. Ila ujue kupunguza mdundo nusu unahitaji uzito mara nne, kwa hiyo usitegemee miujiza kwenye kipande cha gramu 100.

Afya yako ichukulie serious. Umoja wa Ulaya mwaka 2002 uliweka sheria kwa wafanyakazi, mtetemo wa mikono ukifika mita 2.5 kwa sekunde mraba kwa siku ya saa 8 mwajiri lazima achukue hatua, na 5 ndo mwisho kabisa. Na muda haupungui nusu kwa nusu, mtetemo ukiongezeka mara mbili muda unapungua mara nne, yaani usukani wa mita 5 unakufikisha kwenye kiwango cha kwanza ndani ya saa 2 tu. Vidole vikianza kuwa vyeupe kwenye baridi usisubiri.

Sasa mota

Wazo la kutuliza usukani kwa akili sio la jana. Honda waliweka dampa ya mafuta inayoongozwa na kompyuta kwenye CBR1000RR ya 2004, laini kwenye spidi ndogo, nzito ukikimbia. Mota yenyewe ya kusaidia na kutuliza, Yamaha walianza kuijaribu 2022 kwenye pikipiki zao za kiwandani za motokrosi, YZ450FM na YZ250F, huko kwenye mashindano ya Japani, na sensa yake inasoma jinsi sumaku ya chuma inavyobadilika chuma kikisokotwa, kitu walichokuwa wameshakizoea kwenye baiskeli zao za umeme.

Ndani ya mfumo wa namna hii kuna sensa ya toki, yaani nguvu ya kusokota, iliyokaa kati ya mikono yako na foku, kuna mota yenye gia, kuna sensa ya spidi na kuna bodi inayoamua. Na uamuzi mkubwa kuliko yote ni huu: huyu anayezungusha usukani ni dereva au ni jiwe? Ukisukuma wewe, toki na mzunguko vinaenda upande mmoja. Jiwe likipiga tairi, usukani unazunguka huku na mikono yako inaukatalia, toki na mzunguko vinapingana. Zidisha moja kwa nyingine, jibu likiwa chanya nguvu inatoka kwako kwenda kwenye tairi, saidia. Likiwa hasi nguvu inatoka kwenye tairi kuja kwako, pinga. Mimi nikilielewa hilo nilihisi mlango umefunguka, mambo mengine yote ni kurekebisha tu.

Kutuliza maana yake mota inasukuma kinyume na SPIDI ya usukani, sio kinyume na mahali ulipo. Ukiipinga mahali ulipo umetengeneza springi, na springi inarudisha nguvu yote uliyoipa, mtikisiko hauishi. Ukipinga spidi unakula nguvu. Namba inayosema unapinga kiasi gani tuiite C, ni Nm (nyutoni mita, kipimo cha toki) kwa kila radiani moja kwa sekunde, radiani moja ni kama digrii 57. Tuchukue C ya 2. Usukani unaotikisika digrii 2 kila upande mara 8 kwa sekunde, spidi yake ya juu ni kama radiani 1.75 kwa sekunde, kwa hiyo mota inapinga na Nm 3.5. Wewe ukizungusha usukani kwa utulivu digrii 30 kwa sekunde unakutana na Nm 1 tu. Unaona uzuri wake, mtikisiko unapigwa zaidi ya mara tatu kuliko unavyopigwa wewe, bila kompyuta kufikiria chochote.

Basi mtu anasema niweke C ya 10 nimalize kazi. Hapana, na hili naomba ulisome mara mbili. Kutuliza usukani kunaua ule mtikisiko wa 6 mpaka 10 Hz ila kukizidi kunaharibu ule mwingine wa kuogelea, mhandisi R. S. Sharp alishalionyesha hilo kwa hesabu toka 1971. Pikipiki inajinyoosha yenyewe kwa usukani kuachiwa uzunguke kidogo kidogo, ukiubana unainyang'anya hiyo nafasi. Kwa hiyo anza na C ndogo, panda kwa nusu nusu, na ukiona kwenye spidi kubwa mkia umeanza kuogelea rudi chini hatua mbili.

Ifungamanishe na spidi ya barabarani. Mimi ningeanza hivi: toka kusimama mpaka 15 km/h mota inasaidia tu na C iko sifuri, kati ya 15 na 30 msaada unapungua mpaka uishe, kuanzia 40 C inaanza kupanda polepole. Msaada lazima uishe mapema kwa sababu kwenye spidi pikipiki inageuka kwa kusukuma usukani upande wa kinyume kwanza, mguso mdogo sana unatosha, mota ikiongezea pale unakuwa na usukani mwepesi kama wa baiskeli ya mtoto kwenye 90, hiyo ni hatari tupu. Usiruke toka hali moja kwenda nyingine ghafla, kila kitu kiwe mteremko.

Kuchelewa ndo adui

Hapa wengi wanaojenga wenyewe wanakwama na hawajui. Mtikisiko wa 8 Hz unamaliza mzunguko mmoja ndani ya milisekunde 125. Mota ikichelewa robo ya hapo, yaani kama milisekunde 31, kile ulichodhani ni kutuliza kimegeuka springi. Ikichelewa zaidi ya hapo mota inasukuma upande uleule usukani unakokwenda, yaani inaulisha mtikisiko kwa umeme wa betri yako. Programu ni sahihi, C ni sahihi, ila usukani unakupiga mapaja. Jumla ya kuchelewa kote, toka sensa mpaka mota, mimi siiruhusu ipite milisekunde 10.

Na kinachochelewesha zaidi ni filta. Ile 100 Hz ya injini inaingia kwenye sensa ya spidi ya usukani, mota inaanza kulia "nziii" na kupata moto, unaweka filta, yaani hesabu ya kuchuja mitetemo ya haraka kuanzia kiwango unachokikatia. Filta rahisi iliyokatia 10 Hz inabakisha asilimia 10 tu ya kelele ya injini, raha kabisa, ila inachelewesha ule mtikisiko wako wa 8 Hz kwa milisekunde 13, umeshavuka mpaka. Ukikatia 40 Hz kuchelewa ni kama milisekunde 4 lakini asilimia 37 ya kelele inapita. Njia ninayoiona ni bora, katia 40 alafu ongeza filta nyembamba inayoziba mdundo mmoja tu na inayofuata mizunguko ya injini, injini ikiwa 6000 inaziba 100, ikiwa 4500 inaziba 75. Mizunguko unaisoma kwenye waya wa kuchomea plagi au kwenye bodi ya injini. Injini ikiwa mizunguko ya chini kabisa, zima hiyo filta nyembamba, manake mdundo wake unasogea karibu na ule unaoutafuta.

Gia nayo. Uzito wa kuzunguka wa mota ukipita kwenye gia unazidishwa na uwiano wa gia mara yenyewe, gia ya 20 kwa 1 inaufanya uzito huo uonekane mara 400 kwenye usukani, ya 40 kwa 1 mara 1600. Chagua gia ndogo na mota kubwa kidogo kuliko kinyume chake. Na gia isiyoweza kuzungushwa toka upande wa usukani USIITUMIE kabisa, zile gia za parafujo zenye uwiano mkubwa ziko hivyo, mota ikikwama usukani umekwama na wewe uko juu yake. Mota ikiwa imezimwa kabisa mtoto anatakiwa auzungushe usukani.

Nyaya

Mota inayovuta ampia 20 kwa volti 12 ni wati 240, na pikipiki ndogo nyingi hazina hizo wati za ziada, angalia uwezo wa kuchaji kabla. Waya wa chanya utoke moja kwa moja kwenye betri, fyuzi iwe karibu na betri sio karibu na mota, nene ya kutosha. Kuna kitu kingine watu hawakitarajii, mota ikiwa inatuliza inazungushwa na usukani, hapo inageuka jenereta na kurudisha umeme. Betri inaumeza bila shida. Waya wa betri ukiwa umelegea umeme ule hauna pa kwenda, volti inaruka na kuchoma bodi, hata taa. Weka kapasita kubwa na kikinga cha kuzuia volti isipande karibu kabisa na bodi, na bolti za betri zikaze kwa spana sio kwa vidole.

Swichi ya kuzima iwe mahali kidole gumba cha kushoto kinafika bila kuachia usukani, na ikate umeme wa mota kweli, isiwe inaiomba programu izime.

Kujaribu

Kwanza kwenye stendi, tairi linaelea, toki ya mota umeibana kwa programu na kwa umeme kiasi kwamba mkono mmoja unaishinda. Piga usukani kwa ngumi pembeni, uangalie unarudi kutulia kwa mapigo mangapi, mota imezimwa kwanza, alafu imewashwa. Chomoa sensa moja moja huku mota inafanya kazi, kila ukichomoa lazima mota iachie taratibu yenyewe. Moja ikigoma kuachia, usiende barabarani, rudi kwenye programu.

Alafu uwanja mtupu, kofia, glavu, koti, mtu wa pili wa kukuangalia, anza na 20 km/h na panda kwa kumi kumi. Usiachie mikono ili uone kama inatikisika, watu wanafanya hivyo na wanajivunia, acha. Legeza tu viganja, viwiko vikunje, mtikisiko utauhisi bila kuuita. Ukikukuta kweli, usiubane usukani kwa nguvu manake mikono migumu inaongeza, sogeza kifua mbele, bana tangi kwa magoti, achia mafuta taratibu na breki ya mbele usiiguse.

Bolti za mabano ya mota zipake mstari wa rangi nyeupe ukivuka toka kwenye bolti mpaka kwenye bano, kila ukirudi angalia mistari imenyooka bado. Baada ya kilomita 200 itoe mota tena, nyanyua tairi la mbele, shika miguu ya foku uvute na kusukuma kama siku ya kwanza.